Baba Tuliyemfuta

Katikati ya miaka ya tisini Moshi nzima ilijaa wafadhili. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni wapande nyanya, na kila nyumba kubwa iliyokuwa tupu mjini ilipakwa rangi nyeupe ikawekewa kibao chenye picha ya mtoto anayecheka. Nami nilipata kazi kwenye mojawapo ya nyumba hizo, si mbali na hospitali ya Mawenzi. Watoto wa vijijini waliwaandikia barua kwa Kiswahili wazungu waliokuwa wakiwasomesha, mimi nazigeuza kuwa Kiingereza. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, viatu vya kisigino na majivuno ya kutosha.

Mratibu wetu alikuwa bingwa wa semina. Alitunza mkoba wa kila warsha aliyohudhuria, na hakusema "maskini" hata siku moja. Alisema "walengwa", kana kwamba tunawawinda. Gari la ofisi lilinunuliwa kwa ajili ya vijiji. Jumamosi lilibeba masufuria ya harusi za ndugu zake.

Kati ya watoto niliowatafsiria alikuwapo binti wa darasa la sita, kutoka kijiji kimoja cha juu, kwenye baridi. Fomu yake ilisema amefiwa na baba. Mwanzoni hilo halikuwa uongo wa makusudi. Baba yake alikwenda Mererani kuchimba madini, akakaa kimya miaka mitatu, hadi ukoo ukaanza kumzungumzia kama marehemu. Mfadhili wa binti alikuwa bibi wa Ulaya, mjane, na alimchagua kwa sababu hiyo hasa. Katika kila barua alimwambia kwamba wao wawili wanajua maana ya kufiwa.

Siku moja binti akaandika: "Bibi mpendwa, baba amerudi. Anakohoa, lakini amerudi. Jana alitengeneza mlango wa banda la mbuzi."

Nikaitafsiri, nikampelekea mratibu. Akaisoma, akavua miwani.

"Dada, huyu baba mfute."

"Lakini amerudi."

"Amerudi kwao, hajarudi kwenye fomu. Ukishamwingiza baba, maswali yanaanza. Anafanya kazi gani? Mbona hamsomeshi mwanawe? Wewe andika habari za mbuzi."

Nikaandika habari za mbuzi. Sitajitetea. Nilimfuta baba wa mtu kwa sababu nilikuwa nimeizoea meza yangu na chai ya saa nne, na niliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Mbuzi wangu walikuwa wanene kuliko wake.

Mwaka uliofuata yule bibi akaja mwenyewe. Mratibu alituma ujumbe mapema kule kijijini: baba ajitambulishe kuwa ni baba mdogo. Tukapanda mlimani na gari letu lililooshwa, bibi amekaa mbele, amepakata maua aliyonunua mjini. Nilidhani ni ya binti.

Tulipofika, mama wa binti alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani na mtori wa ndizi na nyama unafuka mvuke. Baba alisimama mlangoni, mwembamba, amevaa koti la kanisani. Mratibu akamtambulisha kuwa baba mdogo. Bibi akampa mkono, kisha akaniomba nimwambie kwamba kabla ya kula angependa kuliona kaburi la baba wa mtoto.

Kwetu tunazika nyumbani, kihambani, katikati ya migomba. Makaburi hayakosekani. Mratibu hakusita hata kidogo: alimwongoza bibi hadi kwenye kaburi la saruji la babu wa mtoto. Bibi akapiga magoti kwenye tope, akaweka maua, akalia. Alilia kweli. Na yule mwanamume, sijui kwa adabu au kwa kuchanganyikiwa, akavua kofia akainamisha kichwa, kama aliyekuja kujizika.

Bibi alipoinuka alimshika mkono. Nikatafsiri: "Anasema pole kwa kumpoteza ndugu yako."

"Mwambie asante," akasema, bila kuniangalia.

Hapo binti akazungumza. Alisema kwa Kiingereza cha darasani, neno moja moja, kwamba huyu ndiye baba yake. Bibi akageuka. Mratibu akacheka kile kicheko cha mikutano, akaeleza kwamba kwa mila zetu baba mdogo naye huitwa baba. Ni kweli, huitwa hivyo. Bibi akaanza kutabasamu, amefurahi kujifunza mila.

"Mwambie hilo kaburi ni la baba yangu," yule mwanamume akasema. "Mimi bado."

Wote wakanitazama. Nikatafsiri kama alivyosema. Msinisifu, kama ningeona mahali pa kuchomeka mbuzi, ningemchomeka.

Bibi hakupiga kelele. Aliyachukua maua yake kaburini, akampa baba aliye hai. Baba wa watu akayashika kama anayeshika mtoto wa jirani, kisha akampa mkewe. Mtori ulipoa. Tukarudi mjini.

Bibi alilalamika makao makuu, na makao makuu yakachukua hatua. Binti akaondolewa kwenye orodha kwa kukosa sifa. Bibi aliomba aendelee kumsomesha, akajibiwa kwamba utaratibu hauruhusu, akatumiwa picha ya yatima mwingine. Mratibu akahamishiwa Arusha, kwenye ofisi kubwa zaidi. Mimi nikabaki pale miaka miwili mingine, natafsiri.

Baadaye sana nilipeleka kitambaa kwa fundi cherehani mtaa wa Pasua. Fundi alikuwa yule binti. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wazee hawajambo?"

"Wazima. Baba bado anakohoa." Akanipima mabega, akaandika kwenye daftari. Kisha akauliza, "Zile barua zangu, ulikuwa unazisoma zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa, akaizungusha tepu kiunoni mwangu, akaniuliza kama nataka mikono mirefu au mifupi.