Sauti Niliyotuma kwa Ng'ombe Zangu

Siku tulirekodi, tulikuwa watu wane mu stoo ya duka, pale Kashebere. Nilikuwa mimi. Alikuwa mujukuu yangu, mutoto ya binti yangu ya pili, mwenye emisyo. Yeye anaiita podikasti: iko kama redio lakini haina stesheni, anaitengeneza peke yake mu telefone na watu wanapashana. Alikuwa wifi yangu, dada ya marehemu bwana yangu, mwenye tulikimbia naye kutoka Karuba. Na alikuwa mwenye duka, mufanyabiashara ya kutoka Butembo, Mukatoliki wa misa ya kila asubui. Huyo hatuna udugu naye, isipokuwa wifi yangu alikuwa anamuchambulia maharagi na akatuzoea. Alituazima stoo sababu iko katikati ya magunia, na magunia yanameza kelele ya barabara.

Majina ya wote ninayo. Shule nilifika primere ya pili tu, lakini majina hayanitoki. Ninaweza kukutajia wote tuliopata nao komunyo ya kwanza, benchi kwa benchi, na baba zao. Lakini mujukuu yangu ana sheria mu emisyo yake: hakuna kutaja jina ya muntu, sababu vita haijaisha na jina moja inaweza kuleta watu kwa mulango. Hapa pia ninaifuata ile sheria. Muntu mwenye ninataka kusema habari yake mutamujua kama baba wa ubatizo ya mutoto yangu ya kwanza. Inatosha. Watu wa Karuba wameisha kumujua.

Nilikuwa na ng'ombe tano. Sio nyingi, kule kwetu kuna wenye hawajui hesabu ya zao. Zangu nilizijua hata kwa namna ya kutafuna. Kila moja ilikuwa na jina, na jina haikuwa mapambo. Ng'ombe ya kwetu, ukienda kuikamua bila kuita jina, inakaza maziwa. Inasimama tu, inakuangalia. Ukiiita na ule mwito umeizoesha tangu ndama, inashusha. Mwito yangu nilirithi kwa mama yangu. Ulikuwa unavuka bonde, na majirani wa kilima ya pili walijua saa ya kukamua kwa sauti yangu.

Wakati masasi, zile risasi, ilikaribia, tulitoka na nguo na sufuria moja. Ng'ombe hazingeweza ile njia tulipita. Baba wa ubatizo akasema atazipandisha pamoja na zake, kwa ferme, shamba ya ng'ombe ya kaka yake, juu ya Masisi, mpaka siku tutarudi. Nilimupigia magoti ya kushukuru. Ile magoti njo inaniuma mpaka leo, kuliko hata ng'ombe.

Kisha miezi miwili akapita Kashebere, akanitafuta, akalia. Akasema wenye bunduki walimukuta njiani, wakachagua, wakachukua zangu zote tano, wakamuachia zake. Mimi njo nilimufariji. Mimi mukimbizi, mu nyumba ya kuazima, nilimuchinjia kuku moja ya pekee tuliyokuwa nayo, akakula mpaka shingo.

Alijifichua yeye mwenyewe, na kwa jambo ndogo sana. Wifi yangu alikutana naye soko ya Masisi. Wakasalimiana, wakaulizana habari ya watoto. Halafu, kama muntu mwenye kukumbuka zamani tu, baba wa ubatizo akauliza, ile ng'ombe yenye paji nyeupe, Mama alikuwa anaiita nani? Wifi yangu si mujinga. Muntu anatafuta jina ya ng'ombe yenye imeibiwa, ya kufanya nini? Njo akajua iko kwake, na inamukazia maziwa. Hakupepesa hata jicho, akamupatia jina ya mama mukwe yangu, mama yake mwenyewe. Mpaka leo, tukimuwaza yule muzee kila asubui nyuma ya ng'ombe yangu, na ndoo, anamuita mama mukwe yangu polepole, tunacheka mpaka tunashika ukuta.

Lakini kucheka haikurudisha ng'ombe. Nilifunga safari mpaka kwa shefu, mukubwa wa kijiji. Shefu akatuita wote wawili, na ile ng'ombe ikaletwa, imefungwa kamba. Aliniambia ng'ombe ya paji nyeupe zimejaa Masisi yote, nitamuletea shahidi gani? Masikio ya ile ng'ombe, nilikuwa nimeyakata alama yangu, na ile alama ilikuwa imekatwa tena juu yake, kidonda bado kipya. Nilionyesha kile kidonda. Baba wa ubatizo akanipa mugongo. Aligeukia watu, akavua kofia.

«Tumuombee Mama,» akasema. «Vita imemuchanganya kichwa.»

Na watu wakaitika. Wengine wao nilikuwa nimewapikia siku za ndoa zao. Nilirudi Kashebere na lile neno, nikalala nalo, nikaamuka nalo. Mu kanisa, tukifika kile kipande cha kusamehe mwenye ametukosea, nilikuwa ninafunga kinywa, ninawangojea mbele yake, kisha ninaendelea nao. Nilifanya hivyo mwaka muzima. Siongopi mbele ya wasomaji.

Sasa, habari ya emisyo. Mujukuu yangu alikuwa anatoa sauti tu: wanawake wa kambi ya wakimbizi wanasimulia, yeye anapunguza kelele, anaunganisha. Rafiki yake wa Goma akamuambia sauti bila sura imepitwa, watu wa sasa wanataka kuona. Ile neno ilimuingia. Akaniambia ya kwangu njo itakuwa video yake ya kwanza. Nilifurahi kumupita yeye. Nilitaka yule baba anione uso kwa uso, aone siko muchanganyikiwa, aone kidole yangu inamuelekea. Niliazima kitenge ya wifi yangu, ile ya harusi. Nilisuka hata nywele.

Alinikalisha kwa mulango ya stoo, pa mwangaza, akafunga telefone kwa mukono ya jembe na akachomeka ile jembe mu gunia. Nikasema yote. Nilisema kwa ukali, ninaapa. Alipomaliza akanionyesha. Nikaona kabibi kadogo, meno pengo mbele, kidevu kinatetemeka, macho yanatoka maji sababu ya jua. Mwenye duka alikuwa anachungulia kwa bega yangu. Akasema, pole sana Mama. Akatoa kitambaa.

«Futa,» nikasema.

Mujukuu akakataa, yeye ananiita Koko, ni kusema bibi: «Koko, iko muzuri. Watu watalia.»

«Sitaki watu walie. Nataka yeye njo alie.»

Mujukuu yangu akakasirika. Hakuinua sauti, lakini alifungua ile jembe kama muntu anachuna kuku. Alisema nimemuharibia siku, rafiki yake alikuwa anangojea, emisyo ya sauti itabaki ya watu wa hapa tu. Mwenye duka, na kitambaa yake bado mu mukono, akauliza wa hapa njo wana kosa gani? Akasema yeye anauza karte za telefone, zile za kuwekea sauti, na anajua nani anazinunua. Motari, wale wa pikipiki, wanasikiliza wakiendesha. Wanawake wanasikiliza wakichambua maharagi.

«Video inataka mega za internet, na inataka macho,» akasema. «Hapa macho ya watu iko na kazi.»

Ile haikumutosha mujukuu. Akarudia kuangalia video mara moja ya mwisho kabla ya kufuta, akasimamisha kidole. Nyuma ya kichwa yangu mulango ilionekana, na kibao ya duka, na kilima ambayo kila muntu wa Walikale anaijua. Ile kilima ni kama jina ya mulango yetu. Akafuta.

Njo tukaanza upya, kwa sauti. Tulifunga mulango. Niliketi mu giza ya magunia, sina sura, sina pengo ya meno, na maneno yakatoka kama ninavyoyajua. Nilisimulia kukimbia, kuku, kofia, sikio yenye imekatwa mara mbili. Jina yake sikulitaja hata mara moja, na ilinichoma kama kumeza mufupa. Nilipofika mwisho nikamuuliza mujukuu, sheria yako inakataza majina ya watu, ya ng'ombe je? Akafikiri.

«Ya ng'ombe sikukataza.»

Nikasimama. Alinisogeza mbali mpaka gunia la mwisho, akasema nitapasua telefone. Nikaita zote tano, moja kwa moja, kwa mwito ya mama yangu, kama ninazitoa kule ng'ambo ya bonde. Wifi yangu alisahau tunarekodi, akapiga kile kilio cha kujibu cha kwetu Karuba. Mujukuu alitaka kukiondoa nyuma. Nilimukataza.

Mwenye duka aliingiza ile emisyo mu karte za wateja wake. Motari wakaibeba. Kuna mumoja, mwanaume mwenye watoto wane, anapakia bidon za maziwa kila asubui kutoka maferme mpaka kwa watengenezaji wa fromaji, ile jibini. Kwa guidoni, usukani ya moto yake, ile pikipiki, amefunga bafule, kile kisanduku cha kupaza muziki. Yeye mwenyewe alikuja kunisimulia, bado amekaa juu ya moto, mbele ya duka, kila muntu anasikia.

Alikuwa amefika kwa baba wa ubatizo kuchukua maziwa. Wachukuaji wengine walikuwa pale, wanangojea, na emisyo yangu ilikuwa inaongea. Hawakujua inamusema nani. Baba wa ubatizo alikuwa kwa lango na ndoo. Mwito ikaanza. Ile ya paji nyeupe ilikuwa inanyonyesha ndama. Ikainua kichwa. Ikaacha ndama, ikapita mbele ya yule muzee kama inapita mbele ya muti, ikafika kwa moto, ikaanza kulamba bafule. Jina ya pili ikaitwa, na ile nyekundu ikatoka mu majani, inakimbia, matiti yanadondoka maziwa njia yote.

Watu walicheka kwanza. Mumoja akasema:

«Papa, ng'ombe zako zinamujua huyu Mama kuliko zinakujua wewe.»

Akajibu ni chumvi, moto imebeba chumvi. Motari akazima. Ng'ombe zikasimama. Akarudisha nyuma, akapiga tena. Zikasogea tena. Hapo hakuna aliyecheka. Mama mumoja muchukuaji, alikuwa siku ile kwa shefu, na aliitika ile maombi ya kichwa yangu. Huyo njo aliweka bidon yake chini, akaenda kwa shefu kwa miguu.

Niliomba motari anisimulie tena kipande ya maziwa yenye ilidondoka. Alinisimulia mara tatu. Sikupata chakula tamu kama ile mu miaka yote ya vita.

Baba wa ubatizo alikuja Kashebere juma yenye ilifuata, na shefu, na ng'ombe mbili. Tatu zingine alikuwa amezitoa kwa watu wengine, alikubali mwenyewe. Akaomba mujukuu aondoe ile emisyo. Mujukuu akamueleza haiondoki, iko mu karte za watu, haina mahali moja ya kuizimia. Basi akaomba naye aongee, aombe musamaha mu emisyo. Kwa sauti, akasema, sauti tu inatosha.

Nilikuwa nimeshika shingo ya ile ya paji nyeupe. Nikasema hapana. Yeye atakaa kwa video.

Mujukuu yangu akanivuta pembeni. Akaniambia ile tulikataa juu yangu tunapaswa kuikataa juu yake pia, uso ni jina. Nikamuambia atengeneze tu, mengine tutaona. Shefu akaangalia chini. Yule muzee akakaa kwa mulango, pale pale nilikaa, jembe ikachomekwa mu gunia lile lile. Akasema kila kitu: mukato wa sikio, uongo wa bunduki, na lile neno la kichwa yangu, nilimulazimisha alirudie mara mbili na kofia mukononi.

Wakaondoka. Mujukuu akatuonyesha. Nikaona kazee kadogo, kidevu kinatetemeka, macho yanatoka maji sababu ya jua. Na mwenye duka, kwa bega yangu, nikamusikia anavuta pumzi ya kusema pole.

Nikamuambia mujukuu asiitoe kwa watu. Alifikiri nimemusamehe, akanikumbatia. Sikumusamehe. Nilijua watu watamuhurumia, na ile huruma sikuitaka imufikie. Akatoa video mu telefone, akaiweka mu karte moja peke yake. Iko mu fundo ya kitenge yangu, hapa ninapoandika. Yule muzee anajua ninayo. Kila akisikia moto imesimama kwa lango yake, hajui imebeba sauti yangu ao sura yake.

Ng'ombe zinakamuliwa tena kwa majina yao. Na kanisani bado ninanyamaza kile kipande.

Ninyi mulikuwa pale kwa lango asubui ile, ao kwa shefu, ao mu stoo: kama nimekosea, munirekebishe, nitakubali. Mimi nilisimuliwa ya paji nyeupe njo ilitangulia, lakini mama muchukuaji anasema ni ile nyekundu. Na kofia aliyovua, ninaiona ya kahawia; wifi yangu anasema ilikuwa nyeusi. Muniambie.