Tunaenda Kasongo kwa bembea za Idi

Leo motari wa pikipiki aliniacha mu matope, akaenda na mutoto wangu.

Tulitoka Wamaza asubuhi kwenda bembea za Idi kule Kasongo. Zainabu wangu hajapandaka ile ya kuzunguka.

Munajua pale mulima uko na utelezi: mukubwa anashuka anapanda na miguu, mutoto anabaki ku pikipiki, munakutana juu.

Nafika juu, hakuna mutu.

Wamama, nilikimbia, viatu mu mukono, roho juu.

Nikawakuta kwa daraja. Zainabu anacheka.

"Mama, nilimwambia asisimame, bembea zitafungwa."

Motari naye: "Mama Zaina, mimi nilizani ni wewe umemutuma."

Nilitaka kumuchapa Zainabu.

Tulikuta bembea zinazunguka bado. Nikapanda naye, nikamushika nguvu mpaka akasema namuumiza.

Ninyi mungemuchapa?