Nilishika Usukani Usigeuke

Kosa ni langu. Nalisema mapema, maana nikianza kueleza nia njema niliyokuwa nayo mtanionea huruma, na huruma yenu siitaki. Nimechoka tu. Nataka kulitoa.

Mimi ni fundi wa umeme wa majumba, huku Mtopanga. Dada yangu ameolewa na mwendesha boda, nimwite Kazungu ingawa silo jina lake. Ni mtu mrefu, na pikipiki yake ilikuwa na usukani wa chini, kwa hivyo alishinda ameinama kama anayetafuta sindano. Jioni dada alimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Mimi kazi yangu ilikuwa kumtania. "Mulamu, utaota nundu bure." Mulamu ndivyo tunavyoitana mashemeji kwetu.

Siku moja nikamletea zawadi: usukani wa juu, mpana, unaong'aa. Alifurahi kama mtoto.

Shida ya usukani wa juu ni kwamba vitu vilivyokuwa vikifika havifiki tena. Kebo za klachi na breki tulitafuta ndefu. Zikabaki nyaya za swichi, za taa na honi na indiketa, na hizo ni lazima ziungwe. Kazungu alitaka kupeleka kwa fundi wa pikipiki aliyeko Mjambere. Nikaudhika.

"Kwani mimi nashona nguo?" nikamwambia. "Umeme ni umeme, mulamu."

Kumbe umeme si umeme. Nilikuwa na vipande vya waya vilivyobaki kwenye nyumba moja ya Magogoni. Waya wa nyumba ndani ni uzi mmoja mnene wa shaba. Ukishalala ukutani umelala, hakuna wa kuukunja tena. Waya wa pikipiki ni nyuzi nyembamba nyingi, kwa sababu kila usukani ukigeuka na wenyewe unapinda. Ningependa kusema sikujua. Nilijua. Niliona uvivu kwenda dukani, na nilitaka sifa siku ile ile.

Nikaunga, nikazungusha tepu nyeusi, nikawasha. Taa ikawaka, honi ikalia. Wenzake wa steji ya boda wakaja kuangalia, mimi nimesimama pembeni kama baba wa bwana harusi.

Sasa kuna jambo lazima mlijue kuhusu Kazungu. Zamani alikuwa mlevi wa pombe ya mnazi, mlevi wa kulala mtaroni. Akaacha. Aliacha kwa taabu, dada yangu akiwa shahidi, na kanisani wakamwamini tena. Walimpa kazi ya kumpeleka ibadani kila Jumapili bibi mmoja asiyejiweza miguu. Ukimwona asubuhi hiyo, shati limepigwa pasi, anaendesha polepole kama amebeba mayai. Alikuwa hajivunii kitu kingine.

Usukani ulikaa vizuri miezi kadhaa. Halafu jioni moja, giza linaanza kuingia, Kazungu akakata kona kuingia mtaani kwao akavaana na mkokoteni wa maji. Mwenye mkokoteni alinusurika, mitungi ikatapakaa barabarani. Kazungu alivunjika mguu juu ya goti.

"Taa zilizima," alisema akiwa bado chini. Hospitalini akasema vile vile. "Nilikuwa na taa. Nilipokata kona zikazima."

Watu wakatazamana. Mnajua mtu aliyewahi kunywa anavyosikilizwa.

Pikipiki ikasukumwa mpaka uani kwa dada. Kesho yake nilifika mapema, peke yangu, nikafungua swichi. Usukani ulikuwa umelalia kushoto. Giza. Nikaunyoosha, taa ikawaka. Nikaurudisha kushoto, ikazima. Nikapapasa waya wangu, nikausikia ndani ya ngozi yake umekatika, ncha mbili zinagusana usukani ukinyooka na kuachana ukigeuka. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Nikaugeuza tena, ikazima tena.

Kabla sijajua la kufanya wakaingia: mwenyekiti wa steji, wazee wawili wa kanisa, majirani, na dada yangu na macho mekundu.

"Fundi mwenyewe yuko," mwenyekiti akasema. "Tuwashie, baba, tuone hizo taa."

Nikaushika usukani kwa mikono miwili, umenyooka. Nikawasha. Taa ikawaka, ikapiga ukutani mbele yao wote.

"Geuza geuza tuone na indiketa," mmoja akasema. Nikawasha indiketa. Usukani sikuugeuza. Niliushika usigeuke, viganja vinatoka jasho, mpaka mzee mmoja akatikisa kichwa na kusema, "Basi. Tumeona."

Dada yangu hakulia. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, taa ni nzima?"

Nikamjibu, "Ni nzima."

Hilo ndilo kosa langu. Waya ulikuwa ujinga na uvivu, na ujinga hurekebishwa. Walipoondoka nikautoa ule waya, nikaweka unaofaa, nikautupa wa kwanza jalalani. Nikawa nimemaliza kazi mara mbili.

Nilijiambia mguu ukipona yatasahaulika. Hayakusahaulika. Yule bibi akatafutiwa boda mwingine wa kumpeleka kanisani, na hakuna aliyemweleza Kazungu, alimwona tu akipita. Dada naye alikuwa ameumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akawa anamnusa mume wake mdomo. Kazungu akiwa na magongo, hata uani hafiki bila kushikwa, ananuswa! Mwishowe dada akachukua watoto akarudi kwa mama.

Na Kazungu mwenyewe akaanza kujishuku. Niliketi naye akaniambia, "Mulamu, wewe uliziona taa zikiwaka. Labda nilisinzia. Labda akili yangu iliharibika zamani." Nilimtazama usoni nikamwambia ajipumzishe. Nikaenda nyumbani nikala chakula, nikashiba.

Alipoweza kutembea alirudi mangweni, huko kunakouzwa mnazi. Nilimsikia akiwaambia wanywaji wenzake kwamba kama ameshahukumiwa ulevi, afadhali auonje. Watu wakasema, mnaona? Tulisema. Na mimi nilikuwa nimekaa na watu hao hao.

Juzi nimemfuata huko huko mangweni. Nilimkuta ameketi juu ya kigogo, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Nikamwambia yote, kuanzia kipande cha waya mpaka viganja vyangu kwenye usukani. Nilitegemea anipige. Nilikuwa tayari, hata nilitaka.

Aliweka kata chini. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Kwa hivyo zilizima," akasema. "Zilizima kweli."

"Zilizima, mulamu."

Alifunika uso kwa mikono miwili, akalia mbele za watu, mtu mzima yule. Nilimwomba msamaha, sijui kama alinisikia. Alipotulia alisema jambo moja tu: "Usinieleze mimi. Mimi nilikuwepo. Nenda uwaite wale waliosimama uani, na dada yako, uwageuzie usukani waone."

Nimekuja kwenu kwanza, nyinyi msionijua jina, kwa sababu ni rahisi. Hata kuungama mbele ya watu nimeanzia mahali pasipo na uso wa mtu. Lakini nimeshamtumia dada ujumbe aje Jumamosi, mwenyekiti na wazee nimewaambia. Ule waya nilioutupa sina, kwa hivyo nimeunga kipande kingine cha waya wa nyumba nikakikunja mpaka kikakatika. Kimefungwa pikipikini, kinasubiri. Sijui dada atarudi kwa nani baada ya hapo, kwa mumewe au asirudi kwetu sote wawili.

Wewe unayetaka kubadilisha usukani, tumia waya wa pikipiki, na ukimaliza geuza mpaka mwisho, kulia na kushoto, taa zikiwaka. Na siku mwenzako akisema zilizima, watu wamekusanyika na wote wanakutazama wewe fundi, geuza. Wewe geuza tu, hata kama mkono uliounga ni wako.