Niliandika kwa Mkono Wangu Kwamba Mimi ni Marehemu

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nilimwandika binti yangu kuwa yatima huku mimi mwenyewe nimesimama hapo hapo, nimeshiba, nimefunga tai.

Wakati huo nilikuwa karani wa chifu huku Asembo. Mvua ilikuwa imekataa, Serikali ikaleta unga wa mahindi ya manjano, maharagwe na maziwa ya unga, watoto wa shule wapikiwe mchana hata likizo ya Agosti. Daftari la majina nilishika mimi. Nikawaonya wanangu kwamba mtoto wa karani hapangi foleni ya chakula na watoto wa wavuvi. Watu wangesema nini?

Nyumbani hakukuwa na kitu, na nilijua. Mimi nilikuwa nakula hoteli Kisumu na makarani wenzangu, nyama na chapati, kisha narudi na gazeti kwapani. Mama watoto alipouliza watoto wale nini, nilimwambia wavumilie, shida ni ya nchi nzima.

Siku moja afisa akaja kutoka wilayani kuona kama chakula kinawafikia wenyewe. Tukapita kwenye foleni, yeye akiuliza, mimi nikiandika. Mbele kabisa, na bakuli la bati, alisimama Akinyi wangu, miaka kumi. Afisa akamuuliza baba yake ni nani.

Akaniangalia machoni. “Baba alikufa, Bwana.”

Mwalimu wake, aliyetujua vizuri, akainamisha kichwa. Afisa akaniambia kwa huruma niandike.

Neno moja tu lingetosha. Lakini ningesemaje kwamba mtoto aliyekonda vile ni wa huyu mwenye suti? Nikaandika yatima, tena kwa mwandiko mzuri. Afisa akaagiza aongezewe maharagwe.

Nilipofika nyumbani nilichukua fimbo nikamwita. Hakukimbia.

“Baba, mimi nilidanganya kwa sababu ya njaa,” akasema polepole. “Wewe je?”

Fimbo ilinishinda kuinua.

Siku hizi Akinyi ni mwalimu. Hunisalimu kwa heshima, huniletea sukari. Lakini alipoolewa, alimwomba ndugu yangu mdogo akae na wakwe kuzungumza mahari. Mimi niliketi na wageni, nikaletewa soda.

Wewe unayeogopa watu wajue kwako kuna njaa, waache wajue. Watakusema wiki moja, wachoke. Mtoto hachoki kukumbuka.