Kofia za Kuazima

Jamani, yule aliyelala juu ya maranda, udenda unamchuruzika, akamuuliza mkaguzi wa usalama kazini vitu vya watu tunarudisha saa ngapi, ni mimi. Chekeni mmalize.

Mama Anjela, bosi wetu pale karakana ya mbao Bigwa, alishaonywa: kofia hakuna, glavu hakuna, msumeno wa umeme hauna kinga, na ndio huohuo uliokula kidole cha rafiki yangu Mkude. Wakaguzi wakirudi wakute vilevile, faini, au wanafunga. Sasa mimi (shule niliiachia njiani, ila mawazo ninayo) nikasema, "Mama, mgeni akija si tunaazima vikombe kwa jirani? Tukaazime kofia kwa wale wanaojenga ghorofa." Tukapewa na miwani na glavu, kinga tukafunga ya bati kwa kamba, na glavu ya Mkude, pale pasipo na kidole, tukaijaza maranda.

Asubuhi ukungu ukashuka kutoka Uluguru mpaka mlangoni, taratibu kama unakuja kununua mbao, miwani yangu nayo ikafanya ukungu wake, mashine zimezimwa tunasubiri wageni, maranda yana joto na harufu ya mtiki, nikasema niegemee kidogo tu. Nikaota mbao zetu zimesimama, zinatoka moja moja kupandisha mlimani, kila ubao unarudi kuwa mti, unachipua majani, na mimi nyuma yao natembea juu ya mawingu, mwepesi, sina hata viatu. Mama Anjela akainama kutoka kwenye wingu.

"Kijana, unaumwa?"

"Shikamoo Mama, siumwi," nikajibu kwa sauti ya kanisani, "ila hivi vitu vya watu tunarudisha saa ngapi? Wakaguzi washaondoka?"

Nikafumbua macho. Wingu lilikuwa na kitambulisho kifuani. Mama Anjela mwenyewe alikuwa nyuma yake, kajishika kichwa.

Yule mama mkaguzi wala hakufoka. Akamgeukia Mkude, "Na wewe baba, hebu vua glavu." Maranda yakamwagika puuu, na kinga ya bati nayo ikaona huo ndio wakati wa kuanguka.

Faini tukapigwa, msumeno ukasimamishwa mpaka upate kinga ya kweli. Mama Anjela akalipa, akanunua kinga ya chuma na kofia zetu wenyewe, na salamu yangu hakuiitikia mpaka mvua zikaanza. Mimi nimeapa, cha kuvaa kichwani siazimi tena, hata kwenye harusi.

Nikamwendea Mkude kumwomba radhi. Akazima msumeno, akaugeuzageuza ule mkono.

"Mwanangu," akasema, "huo usingizi ungeuchapa mwaka juzi, kidole ningekuwa nacho."