Ndani ya Achari

Mwalimu wetu wa Kiingereza ana mikono mipana na sauti ya upole, na kila msemo huufundisha kwa kitu alichobeba kutoka nyumbani. Leo kaja na chupa ya achari ya mke wake.

"Waingereza wakikwama, husema wamo ndani ya achari."

"Kivipi, mwalimu?" tukamchokoza, maana tunamjua.

Akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono chupani kuchota kipande, nao ukagoma kutoka. Akavuta, akazungusha, akapuliza; wapi! Mara mkuu wa shule akaingia na mgeni, na mgeni akanyoosha mkono amsalimie. Mwalimu akainua chupa taratibu.

"Unafundisha nini?" mkuu akafoka.

"Maana ya msemo nimeshaimaliza, mkuu. Sasa tuko kwenye matumizi."