Mkono Uliokuwa Hauzami

Watu wengine wakifika kwa jirani hugonga mlango. Mama Bandeji hugonga mti. Husimama uani kwa watu, akageuza nyundo yake, akaugonga mti kwa mpini, ko, ko, kisha akatega sikio kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Watoto humcheka papo hapo. Wakubwa nao humcheka, ila wana adabu, hungoja apite.

Kazi yake ni kufunga vidonda vya miti. Lori likirudi nyuma kiholela likachuna gome la mti wa kivuli, anaitwa. Mbuzi wakiutafuna ua wa michongoma wakauacha mifupa mitupu, anaitwa. Mafundi wa umeme wakikata matawi kama watu waliotukanwa na mti, haitwi, lakini huenda. Kapu lake lina kisu kilichopinda, brashi, na kopo la dawa: udongo wa mfinyanzi, majivu yaliyochekechwa, samadi ya ng'ombe, na lami kidogo ya kushikisha. Hukwangua kilichooza mpaka akutane na mti mweupe, huacha jua likaushe, ndipo apake. Asiyeijua kazi hudhani ukishapaka umemaliza. Wapi! Dawa nzuri hupasuka yenyewe na kudondoka, kidogo kidogo, jinsi gome linavyokuja kutoka pembeni na kukifumba kidonda kama mtu anayefumba mdomo.

Jina la Bandeji si lake, amelirithi pamoja na kopo. Mwenyewe alikuwa mumewe, mtu mrefu, mpole, aliyetania bila kucheka. Naye alikuwa na mazoea yake. Akishapaka, kabla dawa haijakauka, alibandika kiganja cha mkono wa kulia katikati ya kidonda, vidole vimetanuliwa, akakaza kidogo, akatoa. "Nimemwambia pole," alisema akiulizwa. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, mlango ulikibana utotoni, kwa hiyo alama yake hakuna aliyeweza kuiiga.

Kifua kilipomchukua, mkewe alilibeba kopo, maana aliyekuwa akiikoroga dawa miaka yote ni yeye. Wateja walimkubali bila maneno mengi. Walichouliza ni kimoja tu.

"Mbona hujapiga mkono?"

"Ule umezikwa na mwenyewe," aliwajibu, na watu wakaacha kuuliza.

Lakini haukuzikwa, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mjane mwingine akizidiwa huificha picha ya marehemu kabatini. Huyu angeficha nini? Akitoka sokoni, mkono huu hapa, kwenye mti wa kituo cha mafuta. Akikata kona ya posta, mkono. Akienda hospitali kupimwa presha, ulikuwa pale getini, mweusi, umemwinulia kiganja kama askari anayesimamisha gari. Mara nyingine alijikuta amesimama kweli, watu wanampita, naye hajui amesimama tangu lini.

Na mikono hiyo ilikuwa inazama. Magome yalikuwa yanakuja. Mti wa hospitali ulikuwa umekwisha kumeza kiganja chote, zikabaki ncha za vidole, zimechomoza kwenye mdomo wa gome kama za mtu aliyetumbukia ndani ya mti na anaomba avutwe. Kila alipopita pale Mama Bandeji alitazama huku na huku, akatoa kisu, akalipunguza gome kuzunguka zile ncha. Kidogo tu. Yeye mwenyewe angemkuta mtu mwingine akifanya hivyo angemzaba kibao.

Mkono mmoja tu ndio uliokuwa hauzami. Huo ulikuwa nyumbani.

Vyumba vya nyumba ile vinatazamana na ua, na katika cha pembeni analala mama mkwe wake, bibi aliyekula chumvi nyingi, ambaye macho yake yamepungua lakini ulimi bado una meno yote. Kando ya ukuta wa chumba hicho umesimama mjakaranda, matawi yake yamelalia bati la bibi. Msimu ule wa mwisho wa mumewe, upepo ulivunja tawi kubwa chini kwenye panda, likang'oka na nyama yake. Fundi alitoka kitandani akikohoa, kopo mkononi.

"Kidonda bado kibichi," mkewe alimwambia. "Si ni wewe unayesema kwanza kikauke?"

"Kikikauka mimi nitakuwa wapi?"

Akapaka hivyo hivyo, juu ya maji maji. Akabandika kiganja, akakikaza muda mrefu kuliko kawaida, maana alikuwa ameegemea. Kisha akaingia ndani, akalala, na hakutoka tena kwa miguu yake.

Kiangazi kilipofika, dawa ile ikaanza kupasuka kama inavyotakiwa. Mama Bandeji aliona ufa umeshuka kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo. Alijua vizuri kwamba ndiyo safari yenyewe, kwamba mkono huo sasa unataka kudondoka. Akachovya kidole kwenye kopo, akaziba.

Baadaye akaona ufa mwingine, kwenye kile kidole kilichopinda. Alikuwa na haraka ya kazi, akasema atarudi. Aliporudi, ufa haukuwepo. Palikuwa laini, panang'aa kidogo, kama ngozi iliyopona. Nywele zikamsimama. Alitazama ua mzima: kuku, kamba ya nguo, mama mkwe anasinzia kwenye kiti chake. Hakumwambia mtu. Angesema nini, na angeanzia wapi?

Tangu hapo ikawa hivyo. Yeye aliziba ufa huu, ule mwingine ukajiziba. Akawa anamwachia marehemu mmoja kwa makusudi, kama unavyomfunikia chakula mtu atakayechelewa kurudi, na kweli baada ya muda aliukuta umefungwa. Akitoka asubuhi alisema "naenda" bila kumtazama mtu. Akirudi alipita pale uani mgongo umesisimka, hajui kama anaogopa au anafurahi.

Mama mkwe naye alihamishia kiti chake chini ya mjakaranda. Alikaa akichambua mchele na kuongea kwa sauti ndogo. "Umeamkaje leo, mwanangu? Mimi ni mgongo tu." Mkwewe akikaribia, ananyamaza. Basi wanawake wale wawili wakawa wanapishana chini ya mti kama wake wenza.

Kisha mkono ukatoka jasho.

Ilikuwa asubuhi yenye joto. Matone meusi yalichuruzika kutoka kwenye vidole, yakashuka na gome, yakaacha michirizi. Bibi aliyapangusa kwa leso akisema, "Ana homa." Mama Bandeji alisogea akanusa. Harufu ile amekutana nayo kwenye miti isiyo na idadi. Pua ilijua, moyo ukakataa, naye akachukua kapu lake akaenda kazini kwa watu.

Aliyemwamsha ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi mwashi, aliyekuja kutazama unyevu kwenye ukuta wa mama yake.

"Shemeji, wewe si ndiye daktari? Mgonjwa wako ananuka."

"Ni jua tu."

"Siku hizi jua nalo linanuka? Haya. Hebu gonga nisikie."

Miti ya watu wote ameigonga. Huu hakuwahi kuugonga tangu msiba. Alichukua nyundo, akageuza mpini. Akagonga upande wa ukuta: ko. Akagonga nyuma: ko. Akagonga chini ya kiganja.

Bu.

Kama mlango wa chumba kilichohamwa.

"Mvua zikianza," shemeji alisema, na sasa hakuwa na mzaha, "huu unamlalia mama. Ukate."

"Nikiufungua sasa, nikautoa uozo wote, ukakauka kabla ya mvua, unaweza kusimama. Wewe utanipunguzia matawi ya juu ya bati."

"Kuufungua wapi?"

Wote wawili walikuwa wanautazama mkono.

Bibi, ambaye masikio yake hayakuzeeka pamoja na macho, aliuweka ungo chini. "Kabla hujamgusa na hicho kisu, unianze mimi."

"Mama, mti unaoza."

"Uoze. Anayelala chini yake si ni mimi? Nimelalamika?"

"Basi hamia chumbani kwangu, mama, mpaka mvua zipite."

"Sihami. Nikihama, huyu namwacha na nani?"

Shemeji alianza kuupima ukuta ambao alikuwa amekwisha kuupima.

"Mama," Mama Bandeji alisema kwa upole, "ule ni udongo na lami. Nilikoroga mimi mwenyewe."

"Udongo!" Bibi alicheka kicheko kikavu. "Udongo unajitibu? Nyie mna macho, mimi na upofu wangu ndiye niliyeona. Leo unapasuka, kesho umefunga. Kidole gumba kile kilipasuka mpaka huku kwenye kifundo, nikasema basi, mwanangu ananiaga. Nililia peke yangu humo ndani. Asubuhi napapasa, kimeshikana! Nani amekifunga? Sema wewe mwenye udongo. Nani, kama si mwenyewe?"

Mama Bandeji aliugeukia mkono. Kidole gumba.

"Ni mimi, mama."

"Wewe ndiye nini?"

"Niliyekiziba. Kwa dawa ya kopo. Sikutaka kidondoke."

Kuku walipita katikati yao, wakadonoa mchele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza.

"Na kile cha mwisho, mama?" Mama Bandeji aliuliza, na huku anauliza alikuwa anaomba asijibiwe. "Kile kilichopinda?"

Bibi aliufungua mkono wake taratibu. Ndani mlikuwa na kipande cha mshumaa, kimelainika kwa joto la kiganja. "Kilimtesa sana utotoni kile kidole," alisema. "Sikuweza kukiacha kipasuke tena. Na nyufa zingine ndogo ndogo, nilizoweza kuzipapasa."

Kumbe ndivyo. Mmoja kwa nta, mwingine kwa lami, kila mmoja akimficha mwenzake, walikuwa wameufungia mti maji yake ndani, na kila mmoja alikuwa akimshukuru marehemu kwa kazi ya mwenzake. Hapakuwa na mtu mle. Mama Bandeji aliuona ua umekuwa mkubwa na mtupu, kama vile mumewe amekufa upya, safari hii mchana kweupe, bila hata kukohoa.

"Mikono mingine yote huko mjini inazama," alisema polepole, zaidi akijiambia mwenyewe. "Inazama kwa sababu miti ilipona. Huu hauzami kwa kuwa hapa hakuna kilichopona. Alikuwa akibandika mkono huku anajua utamezwa, mama. Ndicho alichokuwa anataka."

Bibi alikaa na mshumaa wake.

"Na cha kati?" aliuliza mwishowe. "Kile kilipasuka mara moja tu, kikafunga. Sikukigusa mimi."

Mama Bandeji alikisogelea kidole cha kati. Ulikuwepo mstari mwembamba wa lami juu yake, na ndani ya mstari unywele wa brashi yake. Alikumbuka hata alivyoshika pumzi akiuvuta.

"Hata mimi sikukigusa," alisema.

Uso wa bibi ulimgeukia, yale macho yenye ukungu yakatulia juu yake, na mkwewe hakujua kama yanaona au yanasamehe.

"Haya," bibi alisema. "Kimoja kinanitosha. Kwangua."

Alikwangua mchana ule ule. Bibi aliliweka kapu mapajani, akayapokea mabonge jinsi yalivyoanguka, akiyapapasa moja moja, na hakuuliza hili ni la wapi. Chini ya dawa mti ulikuwa mweusi, umelowa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Kisu kiliingia, kikaingia, mkono wa Mama Bandeji ukazama mpaka karibu na kiwiko, na kwa kitambo alihisi, aliapa baadaye kwa shemeji yake, joto la mtu mle ndani. Shemeji alimwambia uozo huwa na joto, hata samadi ina joto. Akasema anajua. Kisha kisu kiligonga mbao ngumu, nyeupe, na mti ukamjibu: ko.

"Hufungi?" bibi aliuliza alipomsikia anakusanya vifaa.

"Hiki kinataka hewa, mama. Tukiache wazi."

Mvua zilikuja. Matawi ya juu ya bati shemeji alikuwa amekwisha kuyapunguza. Mjakaranda uliyumba, ukalia usiku kucha, ukaamka umesimama, na bibi akaamka chini yake akilalamika mgongo. Kwenye ukingo wa lile tundu gome lilikuwa limeanza kuvimba, mdomo mnene unaojifunza kufumba. Bibi alilifuata kwa kidole mzunguko mzima. Kipande cha mshumaa kilikuwa mkononi mwake, kwa mazoea, kimeshalainika. Alitafuta pa kukiweka, akakosa, akakirudisha kwenye fundo la nguo yake. "Umeamkaje leo," aliliambia tundu, na akatulia kidogo, jinsi mtu anavyotulia akingoja jibu.

Mama Bandeji alimwona kutoka jikoni. Hakutoka mpaka bibi alipomaliza.

Siku hiyo alikuwa na kazi kwenye ua wa mawaridi karibu na hospitali. Getini alisimama, kama siku zote. Ilikuwa imebaki ncha moja tu, ya kile kidole kilichopinda, ndogo kama punje ya mbaazi, na gome limekuja pande zote. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye kapu na kukishika kisu. Akakaa nacho hivyo, ndani ya kapu, watu wanampita.

Halafu akakiachia. Akageuza nyundo, akagonga pembeni mwa ile ncha, ko, ko, akatega sikio kwa muda mrefu, akaenda zake kwenye mawaridi.